Kibali Chenye Majina Mawili

Mkoa wa Mara umepokea wataalamu wa kigeni tangu enzi za mkoloni, na kipimo cha haki cha ujio wao ni kile kilichobaki walipoondoka. Kiabakari na Buhemba, ambazo leo zimo katika Wilaya ya Butiama, zilikuwa na migodi ya dhahabu wakati wa Waingereza. Wahandisi, wapimaji na mameneja waliletwa na kampuni zao. Wenyeji walipewa sururu, toroli na ujira wa kibarua. Migodi ilipofungwa baada ya Uhuru, mashimo yalibaki na vifusi vilibaki. Vizazi vilivyofuata vilirudi Buhemba vikachimba maduara kwa nyundo na kamba, vikasaga mawe kwenye makarasha na kukamata dhahabu kwa zebaki, na maduara yamewahi kuporomoka juu ya watu. Ujuzi wa kuutegemeza mwamba na kuvuta maji shimoni ulikuwa umefanya kazi palepale, chini ya ardhi ileile, kwa miaka mingi, lakini haukurithiwa. Funzo hilo mkoa huu umelilipia, nami naona lituongoze katika jambo linaloonekana kuwa la makaratasi tu: kibali cha kazi cha mfanyakazi anayehamishwa na kampuni yake kutoka ng'ambo kuja kwenye tawi la hapa. Hoja yangu ni kwamba kibali cha namna hiyo kinapaswa kuwa na majina mawili, la mgeni anayekuja na la Mtanzania atakayeishika kazi ile mgeni akiondoka. Bila jina la pili, kibali hakijakamilika.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Kampuni yenye makao makuu Toronto, Johannesburg au Nairobi inafungua tawi au kampuni tanzu Tanzania. Badala ya kutangaza nafasi ya meneja wa fedha au fundi mkuu wa mitambo, inamchukua mtu ambaye tayari ni mwajiriwa wake huko iliko na kumpeleka kwenye tawi kwa miaka miwili au mitatu. Nchi nyingi zimewatengea watu hawa mlango wao: Marekani tangu 1970, Umoja wa Ulaya kwa agizo la 2014. Hapa kwetu mambo yanaongozwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Sheria hiyo ilimpa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa kibali cha kazi, huku kibali cha ukaazi kikibaki mikononi mwa Uhamiaji. Ilipanga vibali katika madaraja matano: A kwa wawekezaji, B kwa taaluma maalumu, C kwa kazi nyingine, D kwa watumishi wa dini na wa hisani, E kwa wakimbizi. Ilipotungwa, iliweka muda usiozidi miezi 24 kwa kila kibali, na mwombaji akitaka zaidi, aombe upya. Ilidai pia mwajiri aoneshe kwamba amemtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na awe na mpango wa kurithisha ujuzi wa mgeni kwa wazawa katika muda wa ajira yake. Katika madaraja yale matano, anayehamishwa ndani ya kampuni hakupewa daraja lake. Anapimwa kwa aina ya kazi yake, sawasawa na mgeni aliyeajiriwa moja kwa moja kutoka sokoni. Hapo naona kasoro, kwa sababu watu hawa wawili hawafanani katika jambo lililo na uzito kuliko yote kwetu, yaani kufundisha.

Mgeni aliyeajiriwa moja kwa moja na tawi anakula kutokana na kiti alichokalia. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na siku Mtanzania atakapoimudu kazi yake, yeye atafunga mizigo arudi kwao kutafuta kazi upya. Tunamwambia amfundishe mtu wa kumwondoa, kisha tunashangaa akifundisha nusu: anaonesha namna ya kuwasha mtambo, lakini haelezi kwa nini ulizimika jana. Si lazima awe na roho mbaya. Mtu yeyote mwenye watoto shuleni angesita. Aliyehamishwa na kampuni yake yuko katika hali nyingine. Ajira yake iko kwa kampuni mama, na tawi ni kituo cha kupita. Akimaliza kufundisha hapotezi mkate wake. Pengine anapanda cheo kwa kuwa ameacha tawi linalojiendesha. Kampuni nayo hupata nafuu, maana mtaalamu wa ng'ambo huigharimu mshahara, nyumba, nauli za likizo, karo za watoto na ada za vibali. Kati ya wageni wote wanaoomba kuja kufanya kazi, basi, huyu ndiye ambaye maslahi yake yanaweza kwenda pamoja na kufundisha. Sheria ikimchanganya na wengine, inampa masharti mepesi mno kwa mwalimu na mazito mno kwa mpita njia.

Mkoa huu umemtoa mtu aliyelifikiria swali hili mapema. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa akikumbusha kwamba Tanganyika ilipata Uhuru ikiwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Kwa hesabu hiyo, nchi ilikuwa haina budi kuendeshwa kwa sehemu na wageni. Swali lilikuwa kwa muda gani na kwa masharti gani. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia, alikataa uraia upimwe kwa rangi ya ngozi, na alikuwa tayari kujiuzulu kwa ajili hiyo. Baada ya Uhuru, serikali ilikazana kuwaweka Waafrika katika nafasi za utumishi wa umma, lakini mwanzoni mwa Januari 1964 alitangaza kwamba upendeleo wa rangi umefika mwisho na raia wote wahesabiwe sawa. Januari 20 mwaka huohuo, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku chache baadaye serikali ikalazimika kuwaomba askari wa Uingereza waje kuuzima uasi ambao madai yake yalikuwa Waingereza waondoke. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa gharama ya kuchelewa kuandaa warithi. Kosa halikuwa ugeni wa maofisa wale. Miaka miwili baada ya Uhuru, hawakuwapo Watanganyika wa kutosha walioandaliwa kushika nafasi hizo, na askari wa kawaida hakuwa ameoneshwa ni lini wangekuwapo.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Jeshi lile lilivunjwa, na Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wageni hawakufukuziwa mbali: Kanada ilituma washauri na wakufunzi kuanzia 1965, na 1970 wakaondoka, China nayo ilifundisha. Tofauti na maofisa wa zamani ni kwamba hawa walikuja kama wakufunzi, si kama makamanda, na kipimo cha kazi yao kilikuwa Watanzania waliowaacha nyuma yao. Nchi ileile iliyotikiswa na wageni waliokalia viti haikutikiswa na wageni waliokuja kuviandalia wenyewe. Mwalimu Nyerere alipenda methali ya mgeni anayekaribishwa siku mbili na kupewa jembe siku ya tatu. Mtaalamu wa leo anakuja na jembe lake mkononi, na kazi ya siku ya tatu ni kutufundisha kulitengeneza.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Nyamongo, Wilaya ya Tarime. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu 2002. Mwaka uliofuata ukaangukia mikononi mwa Placer Dome ya Kanada; 2006 Barrick ikainunua Placer Dome; 2010 migodi yake ya Tanzania ikawekwa chini ya African Barrick Gold, iliyoorodheshwa katika soko la hisa la London na ambayo 2014 ikaitwa Acacia; 2019 Barrick ikaichukua yote tena, ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Katika miaka isiyofika 20 mgodi mmoja umetazamana na makao makuu ya namna kadhaa, na kila makao makuu huwa na watu wake wa kuwaleta. Jina la kampuni kwenye lango lilibadilika, mwamba haukubadilika, na wanaoujua mwamba ule kwa muda mrefu ni waliobaki mabadiliko yalipopita. Barrick yenyewe husema kwamba zaidi ya wafanyakazi 9 katika kila 10 wa migodi yake nchini ni Watanzania. Nalipokea hilo kwa furaha, kisha nauliza kuhusu yule wa kumi. Yeye ndiye huwa karibu na mahali maamuzi yanapokatwa: ratiba ya uchimbaji, ununuzi wa mitambo, mahesabu. Mwenye nyumba anayejua vyumba tisa asipojua cha kumi kina nini bado hajaijua nyumba yake.

Jina la pili lifanye nini basi? Kwenye ombi la kibali, pamoja na cheti cha mgeni na mkataba wake, kampuni imtaje Mtanzania mmoja aliyekwisha kuajiriwa: elimu yake, kazi anazoweza kufanya leo bila kusaidiwa, kazi asizoweza, na miezi itakayohitajika ili aimudu kila moja. Kampuni ikiomba kibali kiongezwe muda, swali la kwanza liwe kuhusu mtu huyo. Je, alibaki peke yake kwa wiki mbili mgeni alipokwenda likizo, na tawi lilikwendaje? Majibu ya maswali kama haya hayapatikani Dodoma kwenye faili. Yanapatikana kiwandani, na maofisa kazi wa mkoa, walioko Musoma, wanaweza kufika Bunda au Butiama kwa safari ya siku moja na kuzungumza na mrithi uso kwa uso. Mrithi akiwa ameiva kabla ya wakati, kampuni ipewe heshima yake: ombi lake lijalo lishughulikiwe haraka kwa sababu imethibitisha kwamba neno lake ni kweli. Mrithi akiwa hajaiva kwa sababu za haki, muda uongezwe. Akiwa alikuwa akitumwa chai na fotokopi kwa miaka miwili, muda usiongezwe.

Wako watakaosema kwamba ninawahurumia wageni kupita kiasi wakati vijana wa Musoma wanazunguka na bahasha za vyeti. Uchungu wao ni wa kweli na sitaki kuupunguza. Lakini hesabu haiwasaidii. Sheria ya Uwekezaji ya 1997 ilimpa mwekezaji aliyesajiliwa mgawo wa hadi wageni 5 wakati wa kuanza. Ile ya 2022 ikaupandisha hadi 10. Tukiwafukuza wote kesho, nafasi zitakazopatikana ni chache, na nyingi ni zile ambazo kijana wa bahasha hajaandaliwa kuzishika, kwa hiyo zitakwenda kwa mtu mwingine aliyekwisha kuzizoea kwingineko. Kinachomfaa kijana huyu ni kiti cha pili pembeni ya mgeni, chenye jina lake na tarehe. Wageni wakiongezeka na kila mmoja akaja na kiti hicho, nafasi za vijana zinaongezeka nao.

Kutoka upande wa pili nasikia kwamba masharti yatawafukuza wawekezaji, na kwamba kampuni ina haki ya kuweka mtu wake wa kuaminika kwenye fedha zake. Haki hiyo naikubali. Aliyetia mtaji wake mbali na nyumbani anahitaji jicho lake, na hata sisi tukifungua duka Kigoma tutampeleka ndugu kwanza. Lakini uaminifu hautokani na pasipoti. Hutokana na miaka ya kufanya kazi pamoja na mahesabu yaliyokaguliwa, na mrithi aliyetajwa kwa jina anaanza kuijenga miaka hiyo tangu siku ya kwanza. Kuhusu kukimbia, tuangalie nchi ambazo wawekezaji wenyewe wanatoka au wanazipenda. Marekani inamruhusu meneja aliyehamishwa akae miaka isiyozidi 7, na mtaalamu mwenye ujuzi wa pekee wa kampuni isiyozidi 5. Umoja wa Ulaya uliweka miaka 3 kwa mameneja na wataalamu, na mwaka 1 kwa waajiriwa wanafunzi. Kampuni kubwa zinaendelea kwenda huko licha ya mipaka hiyo. Kinachomkimbiza mwekezaji ni kutojua: faili lisilojulikana liko meza gani, sharti linalozuka katikati ya safari, ofisa mmoja anayesema hiki na mwingine kile. Sharti la jina la pili linajulikana kabla ya mtu kukata tiketi, na anayelitimiza anajua atajibiwa nini.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba mpango wa kurithisha tayari umo katika sheria na umegeuka karatasi. Kampuni inaweza kuandika kurasa nzuri, kuzigonga muhuri na kuzifungia kabatini. Nakubali, na ndiyo sababu natafuta jina badala ya kurasa. Viwanda vya minofu ya sangara vya Kanda ya Ziwa, vikiwemo vya Musoma, vilijifunza tofauti hiyo kwa maumivu. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa, kwanza kwa hofu ya vimelea vya maradhi, baadaye kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Barua za kuahidi usafi hazikutosha kuufungua mlango. Ilibidi nchi ioneshe wakaguzi wanaojua kazi, vipimo vinavyosomeka na rekodi zinazofuatiliwa kutoka mwaloni hadi kwenye boksi la barafu. Mnunuzi alipotaka kumwona mtu na kipimo chake, ujuzi ulipatikana nchini. Serikali ikimuomba mwajiri jambo hilohilo, mtu na kipimo chake, naamini ujuzi utapatikana vilevile.

Na kama mrithi akiiva kisha akavutwa na kampuni nyingine yenye mshahara mnono? Mwajiri ataumia, na ni haki asiadhibiwe: ataje jina jipya na apewe muda mpya. Kwa mkoa, hata hivyo, hakuna kilichopotea. Mtaalamu wa mahesabu aliyefundwa mgodini akihamia kwenye hoteli ya wageni upande wa magharibi wa Serengeti, kule Bunda, amehama na kichwa chake, na kichwa hicho bado kiko Mara. Ujuzi unaotembea kutoka kampuni moja hadi nyingine ndio unaounda soko la wataalamu, na soko hilo likishakuwapo, mwekezaji wa tano hana haja ya kuleta watu wengi kama alivyoleta wa kwanza.

Ipo faida moja ambayo wengi hawaitazami, nayo ni kwamba mlango huu unafunguka pande zote mbili. Ili kampuni imhamishie mfanyakazi tawi lake la Marekani, sheria ya huko inataka awe ameitumikia kampuni hiyo nje ya Marekani mwaka mmoja mfululizo katika miaka mitatu iliyotangulia. Ulaya nayo inataka mtu aliyekwisha kuitumikia kampuni kwa miezi kadhaa. Kijana wa Butiama anayetafuta viza akiwa peke yake anashindana na dunia nzima. Akiwa mrithi aliyetajwa ndani ya kampuni yenye matawi, anaingia kwenye kundi dogo la watu ambao kampuni inaweza kuwaombea. Mpango mzuri wa kurithisha ungempeleka makao makuu kwa miezi sita au mwaka, akaona maamuzi yanavyofanywa, akafahamiana na watakaomwamini na fedha zao, kisha akarudi. Karibu zaidi na nyumbani, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inatambua uhuru wa wafanyakazi kuhama kwa masharti ya kila nchi. Watu wa Mara, ambao Wakurya na Wajaluo wao wana ndugu ng'ambo ya mpaka wa Sirari, hawana sababu ya kumwogopa mhasibu aliyehamishwa kutoka Nairobi kuja Musoma, mradi kampuni ileile iwe tayari kumpeleka wa Musoma Nairobi.

Vipo vitu vitakavyotupima hivi karibuni. Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, uliopata fedha za Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika, za Mfuko wa Maendeleo wa Saudi Arabia na za Serikali, ulikusudiwa kuyapandisha maji ya Ziwa Victoria kutoka ufukweni hadi Kiabakari na kwa Mwalimu, Butiama. Ni Kiabakari ileile ambako zamani wageni walijua kuvuta maji kutoka tumboni mwa mgodi, wakaondoka na ujuzi huo. Pampu hudumu miaka mingi zikitunzwa, na huchoka mapema zikiachwa kwa mtu aliyeoneshwa kitufe cha kuwashia tu. Kila kampuni itakayoleta mtaalamu wake mkoani, iwe ya maji, ya dhahabu, ya samaki au ya utalii, iulizwe mapema: mtambo ukisimama usiku wa manane, mgeni akiwa amekwisha kurudi kwao, atapigiwa simu nani? Jina la mtu huyo liandikwe kwenye kibali siku kinapotolewa, chini ya jina la mgeni, kwa wino uleule.